Plasta Mgongoni mwa Wifi

Katika kiwanda kile cha kufulia, kinachofua mashuka ya hospitali na ya mahoteli, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Redio, na ungekaa naye muda wa kikombe kimoja cha chai ungejua kwa nini. Alikuwa na la kusema kuhusu kila kitu: mvua, viatu vya msimamizi, doa lililoko kwenye taulo na mtu aliyelisababisha. Ukimuuliza swali aliyeketi pembeni yake, jibu lilitoka kwa Redio. Hakuwa mmbeya, tuelewane. Mmbeya ana nia yake, na Redio hakuwa na nia yoyote. Mdomo wake tu haukuwa na breki.

Aliyeketi pembeni yake siku zote alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake. Huyo walimwita Taratibu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, ambaye hata akikasirika ilibidi uambiwe na mtu mwingine kwamba amekasirika, na mtu huyo kwa kawaida alikuwa Redio. "Wifi yangu hajapenda," angesema, na Taratibu angetikisa kichwa kukubali. Watu waliwacheka. Walisema yule kaka alioa mke, akampatia na msemaji.

Msijidanganye lakini kwamba mmoja alikuwa mzigo wa mwenzake. Miaka ya nyuma Redio aliachika. Alirudi kwa kaka yake na begi moja la nguo, amejifunga kibwebwe kwa vita, maana alijua wifi anayerudi nyumbani hupokelewa namna gani. Taratibu alifungua mlango, akaliangalia begi, akaenda kutandika kitanda cha chumba cha pili. Hakuuliza atakaa mpaka lini. Hakuuliza hata siku moja. Kaka alipofariki walibaki wawili kwenye nyumba ile pamoja na binti mdogo wa Taratibu, na hakuna kati yao aliyewahi kusema nyumba ni ya nani. Redio alimpenda wifi yake kuliko alivyowahi kumpenda yule mume, na hilo alilisema mbele za watu bila haya.

Kazi yao ilikuwa kwenye rola. Rola ni pasi kubwa ya duara, ndefu kuliko kitanda cha watu wawili, inazunguka yenyewe na ndani yake mna mvuke. Wawili husimama mbele, kila mmoja na ncha yake ya shuka bichi, wakalilisha mashine bila kulipinda. Wawili husimama nyuma, wakalipokea limekauka, wakalikunja na kuinama kulipanga kwenye toroli. Nyuma kuna dirisha na feni. Mbele kuna moto tu, moto unaokupiga kifuani na usoni tangu asubuhi hadi jioni, na mtu wa mbele hutambulika hata sokoni kwa wekundu wa macho yake. Redio na Taratibu walikuwa watu wa mbele. Walilisha rola ile miaka mingi bila kuangaliana, kwa sababu mikono yao ilikuwa imeshazoeana.

Kisha Taratibu akaanguka. Sakafu ya kiwanda haikauki, na toroli la nguo zilizotoka kwenye maji lina uzito wa mtu mzima na nusu. Liliteleza, likamfuata, likambana na ukuta. Alipotoka hospitali alikuwa anatembea, na watu wakasema ashukuru. Lakini kiuno kilikuwa kimeharibika ndani, mishipa ikawa inawaka kutoka kiunoni hadi kwenye kisigino, usiku na mchana, mwaka ukaisha, mwingine ukaja. Hakuweza tena kuinama. Kusimama wima aliweza. Ndiyo maana nafasi ya nyuma, yenye feni na dirisha, haikumfaa hata kidogo. Huko kazi yote ni kuinama. Alibaki mbele, kwenye moto, kwa sababu ndipo mahali pekee palipobaki duniani ambapo mwili wake ulikuwa na faida.

Na faida hiyo ilihitajika. Binti alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu. Bado muda kidogo amalize. Wifi hawa wawili walikuwa wamepatana, bila kuapa wala kupeana mikono, kwamba Taratibu atashikilia nafasi yake kwenye rola mpaka binti ashike cheti, halafu akae nyumbani apumzishe kiuno chake. Hilo ndilo lililokuwa likiwaamsha asubuhi.

Wanawake wa kiwandani wana dawa yao ya mgongo. Wanaiita kupigwa pasi. Mwenye maumivu hulala kifudifudi juu ya rundo la mataulo safi wakati wa mapumziko, mwenzake akachukua shuka linalotoka kwenye rola saa hiyo hiyo, akalikunja mara nne na kumwekea kiunoni. Linapopoa, linawekwa jingine. Msimamizi alijua na alijifanya haoni, maana naye alikuwa na mgongo. Hakuna aliyefanya kazi pale ambaye hakuwahi kupigwa pasi, na wastaafu wakija kuwasalimia wenzao ndicho kitu cha kwanza wanachoomba. Redio alimpiga wifi yake pasi kila siku, huku akimsimanga: "Uliolewa na kaka yangu ukiwa mzima, umemaliza dhamana sasa unaniachia mimi matengenezo." Taratibu angecheka na uso wake ndani ya mataulo.

Lakini shuka hutuliza kwa muda wa shuka. Usiku Taratibu hakulala. Redio alimsikia kupitia ukutani akibadilisha ubavu, akiinuka, akitembea jikoni, akirudi. Alimpeleka kwa daktari, na kwa kweli alimpeleka kwa nguvu, akimshika kiwiko njia nzima.

Daktari alikuwa kijana kuliko walivyotarajia, mpole, mwenye tabia ya kusubiri jibu. Tabia hiyo ilimsumbua Redio, kwa sababu kimya cha mtu yeye alikiona kama kiti kitupu, lazima akikalie. Kwa ziara kadhaa daktari hakutaka kusikia habari za dawa kali. Alijaribu vidonge vya kawaida, akampeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo, akampa dawa ya mishipa ya fahamu. Vilisaidia kidogo, kisha havikusaidia. Alipiga picha tena. Si saratani, alisema, wala si kitu cha kumuua. Ni maumivu yaliyokuja kukaa. Ndipo siku moja akasema wanaweza kujaribu dawa ya jamii ya morfini, kwa uangalifu. Vidonge alivyoanza navyo, vya nguvu ndogo, vilimfanya Taratibu atapike kila kitu. Kikabaki kibandiko, kile kidogo kuliko vyote, kinachobandikwa juu ya ngozi na kuachia dawa polepole kwa siku kadhaa. Daktari alikiita kibandiko. Kwao ilikuwa plasta, na plasta ikawa.

Si kweli kwamba hakuwaeleza. Watu baadaye walitaka kusema hivyo, na ningependa ingekuwa hivyo, ila haikuwa. Alieleza kila kitu. Alisema haahidi kwamba maumivu yataisha; anachotafuta ni mgonjwa aweze kufanya mambo yake, na kama plasta haitasaidia hivyo, wataiacha, tena kwa kushuka ngazi moja moja, si kwa kuikata ghafla. Aliuliza kama kuna dawa za usingizi nyumbani, kama kuna pombe, kama ana pumu. Alisema isibandikwe kwa mtu mwingine hata akilia, na iliyokwisha tumika ikunjwe na irudishwe kwake. Alisema wasiweke juu yake kitu chochote cha moto, wasiote moto, wasikae kwenye jua kali, kwa kuwa joto huiamsha dawa ikaingia mwilini yote kwa pamoja. Akipata homa, waje. Na akilala usingizi mzito usio wa kawaida, au akianza kukoroma wakati si mtu wa kukoroma, wamwamshe, wabandue plasta, wakimbie hospitali.

Redio alitikisa kichwa kwa kila neno. Kisha daktari akamtazama Taratibu mwenyewe na kumuuliza angependa kuweza kufanya nini. Taratibu alifungua mdomo, akasema, "Kulala." Redio akaongeza, "Na kufanya kazi, daktari. Kazi hasa."

"Unafanya kazi gani, mama?"

Hapo ndipo mambo yote yalipokaa, katika swali la kawaida ambalo daktari huuliza kila mtu. Mwaka uliotangulia, mwenzao mmoja wa kwenye rola alikuwa na vidonda vya ngozi. Alileta barua ya daktari inayosema asisimame karibu na joto. Msimamizi aliisoma kwa huruma kabisa, akamwambia basi mama, nenda kapumzike, tutakuita pakipatikana pa baridi. Hawajamwita mpaka leo. Redio alimwona barabarani akiuza mifuko, akaigeuza shingo yake ili asionekane kwamba ameona. Kwa hiyo swali lilipoulizwa, yeye hakufikiri ngozi wala dawa. Alifikiri barua.

"Anakunja mashuka," alisema. "Tunafanya wote, daktari. Tunakunja mashuka tu."

Daktari aliandika. Bila shaka aliona akilini mwake meza, dirisha, na wanawake wawili wakikunja nguo safi. Wala haukuwa uongo mtupu, maana mashuka yalikunjwa kweli, na watu wengine, upande mwingine wa mashine.

Njiani Taratibu alisimama. Kwa mtu kama yeye kusimama tu lilikuwa neno. Kisha akasema, "Wifi, tungemwambia."

"Tumwambie nini? Atuandikie barua?" Redio alimvuta kiwiko. "Wewe niachie mimi. Moto aliosema ni moto wa jiko, moto wa kujikanda. Wewe utajikanda? Hutajikanda. Nitakulinda mimi mwenyewe."

Taratibu alifikiri kwa mwendo wa nyumba mbili au tatu, halafu akasema sawa.

Na Redio alimlinda, kwa akili yake. Plasta aliibandika yeye mwenyewe, katikati ya mabega, mahali ambapo mkono wa Taratibu haukufika. Alikuwa na mikono mizuri kwa kazi hiyo; alifuta ngozi, akabandika, akakandamiza kwa kiganja akihesabu kimoyomoyo kama daktari alivyoelekeza. Kwenye mapumziko aliendelea kumpiga wifi yake pasi, lakini aliweka shuka chini kabisa, kiunoni, mbali na plasta, na yeyote aliyetaka kulipandisha juu alipigwa kofi la mkononi. Alijiona amefanya mambo ya kisomi. Moto wa rola wenyewe, ule uliokuwa ukimchemsha wifi yake tangu asubuhi hadi jioni hata jasho likapita kwenye plasta, hakuuhesabu. Ule ulikuwa kazi. Mtu hauiti kazi yake moto.

Na ajabu, ilisaidia. Kwenye rola Taratibu alisimama amenyooka, uso umelegea, anatabasamu bila sababu. Alianza hata kutania. Wenzake wakasema plasta imempa mdomo. Saa nyingine alijikuna pua, alisinzia kidogo akiwa ameshika ncha ya shuka, na Redio alimfinya pajani: "Wifi, umeolewa tena? Na usingizi?" Kisha wote wanacheka na shuka linapita. Mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo, ndogo mno, na mmoja wao aliliona hilo akasema amependeza.

Taabu ilikuwa nyumbani. Jioni, mwili ukipoa, maumivu yalirudi na hasira zake. Siku za mapumziko zilikuwa mbaya zaidi. Taratibu alitetemeka, alitoka jasho la baridi, alizunguka sebuleni akishika viti. Wakaelewana kwamba kazi ndiyo inayomponya na nyumba ndiyo inayomuumiza. Kiwandani kila mtu alikubaliana na hilo, na mzee mmoja wa kwenye boila alisema yeye pia ni hivyo hivyo.

Waliporudi kwa daktari, walimweleza habari za siku za mapumziko. Aliyeeleza ni Redio, kwa ufasaha wake wote: jinsi wifi anavyozunguka, jinsi anavyolia bila sauti. Daktari hakufurahi. Alisema dozi ikipanda hatari nayo hupanda, na nafuu si lazima ipande pamoja nayo. Aliuliza kama kuna kusinzia mchana. Redio alisema amechangamka kabisa, kazini hata anatania. Aliuliza tena, akimtazama Taratibu, na Taratibu alimtazama wifi yake, akasema hajambo. Aliuliza kama kuna chochote kilichobadilika kazini. Hakuna, alisema Redio, mashuka ni yale yale. Daktari alipitia tena alichokuwa ameandika, kisha akapandisha ngazi moja, ile ndogo iwezekanavyo, akawapa tarehe ya karibu ya kurudi.

Tarehe hiyo haikufika.

Ilikuwa wiki ya mvua. Taratibu aliamka na mafua, macho yanang'aa, mwili wa moto. Redio alimgusa paji la uso na kwa sekunde moja alimkumbuka daktari. Akipata homa, waje. Lakini mafua si homa, alijiambia, homa ni ile ya kulazwa. Na msimamizi alikuwa ameshasema wiki hiyo hakuna kukosa, kuna hoteli inafunguliwa. Wakaenda. Taratibu alilisha rola mpaka mapumziko, hakusema lolote, na hilo halikumshtua mtu.

Alipotoka kwenye moto alianza kutetemeka. Alitetemeka meno yakagongana, akasema mgongo umefunga wote, toka shingoni. Redio alimlaza ubavu kwenye rundo la mataulo. Akaenda kwenye rola akavuta shuka, akamwekea kiunoni. Haikutosha. Akavuta jingine, na jingine. Siku ile hakuona plasta, hakuona daktari. Aliona tu mtu aliyemfungulia mlango bila kumuuliza kitu, sasa anatetemeka mbele yake. Alimfunika toka shingoni hadi miguuni kwa mashuka yanayofuka mvuke, akayachomeka pembeni vizuri, mpaka mtetemo ukatulia na uso wa wifi yake ukalainika ukawa uso wa msichana.

"Lala," alimwambia. "Lala wifi, mimi nipo."

Kengele ilipolia, Taratibu alikuwa anakoroma. Wanawake walicheka, kwa sababu haijawahi kusikika, Taratibu kukoroma, na mkoromo wenyewe ulikuwa wa ajabu, unakuja, unakatika, unakaa, unakuja tena. Redio aliwanyamazisha. Aliwaambia huyu mwanamke hajalala miaka, atakayemwamsha atanitambua. Kwa msimamizi alisema wifi yake ameenda maliwatoni, tumbo. Akamvuta mtu wa nyuma asimame naye mbele, na akalisha rola kwa nguvu za watu wawili, akizungumza bila kukoma ili sauti yake ifunike kile kimya upande wa mataulo. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kulimeza. Mchana ule alikuwa na furaha kweli.

Alipokwenda kumwamsha, alitia mkono chini ya mashuka akamkuta ana joto. Akasema wifi, saa zimekwenda. Akamtikisa. Joto lilikuwa la mashuka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi na hakukuwa na pumzi hata ya kutia ukungu kwenye kioo, na Redio, aliyekuwa na neno la kila kitu, aliendelea tu kumtikisa huku akiita wifi, wifi, wifi, mpaka wenzake walipomtoa kwa kumbeba.

Daktari alikuja kiwandani baada ya mazishi. Hakutumwa na mtu. Alisimama mbele ya rola, pale penyewe, akiwa na shati la mikono mirefu, na kabla shuka la tatu halijapita shati lilikuwa limelowa.

"Alikuwa anasimama hapa?"

"Hapa."

Akaangalia upande wa pili, kwenye feni na dirisha, ambako wanawake wawili walikuwa wanakunja. Redio alimwona akielewa. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, na angezipokea kelele kama zawadi. Daktari hakumfokea. Alisema polepole kwamba moto wa mashine ulikuwa ukimmiminia dawa kila siku, na nyumbani, mwili ukipoa, ilionekana imepungua, naye akapandisha dozi kwa kusikiliza siku za nyumbani. Kisha homa, kisha mashuka. "Niliuliza kazi," alisema. "Sikuuliza anasimama wapi." Redio alitaka kumwambia hapana, wewe uliuliza, ni mimi niliyejibu. Badala yake alishika ncha ya shuka lililofuata, akalilisha rola. Daktari aliondoka akiwa ameshika koti lake mkononi, na inasemekana siku hizi mgonjwa wake hapati plasta mpaka daktari mwenyewe afike mahali mgonjwa huyo anapofanyia kazi. Ni jambo jema. Halimsaidii mtu yeyote tunayemzungumzia hapa.

Msibani Redio alisifiwa. Kila aliyekuja alimwambia hakuna wifi kama wewe, ulimuuguza kama mama yake, alikufa amefunikwa, amelala, bila maumivu. Binti alirudi kutoka chuoni na kukaa karibu naye siku zote za msiba, akimletea maji, akimlaza. Usiku alimwambia, "Shangazi, sasa nimebaki na wewe tu," na Redio alimshika kichwa, akijua kwamba mtoto huyu anamkumbatia mtu asiyemjua.

Angeweza kunyamaza. Naamini hata wewe ungemshauri anyamaze. Mtoto alikuwa na mitihani mbele yake. Lakini wiki chache baadaye, asubuhi, binti akifungasha begi la kurudi chuoni, alikuja jikoni akaketi. Alikuwa amemtembelea daktari. Hakuwa na hasira, alikuwa na lile jambo moja ambalo mtu hawezi kusafiri nalo.

"Shangazi, daktari anasema aliambiwa mama anakunja mashuka. Mama mwenyewe ndiye aliyesema?"

Redio alizima jiko. "Ni mimi."

"Na mama alisema nini?"

Hapa palikuwa na njia ya kutokea, pana kabisa. Angesema mama yako alikubali. Na kweli, baada ya nyumba mbili au tatu, alikubali.

"Alitaka tumwambie," alisema Redio. "Alisimama njiani akaniambia tungemwambia. Nikamkataza."

Binti aliutazama mkono wa shangazi yake uliokuwa bado kwenye kitufe cha jiko. Hakulia. Aliuliza kama mama alipofunikwa alikuwa bado anapumua, na Redio akasema ndiyo, alikuwa anakoroma, wenzetu walitaka kumwamsha. Hilo la mwisho hata halikuwa kweli, walicheka tu. Lakini Redio alikuwa amefika mahali ambapo alitaka lote liwe lake.

"Asante kwa kuniambia," alisema binti. Aliinuka, akaosha kikombe chake, akakipangusa, akakirudisha kabatini, akachukua begi.

Alimaliza chuo, alifaulu vizuri, anafundisha watoto wadogo. Hajamtupa mtu. Kila mwezi anatuma matumizi, na sikukuu anakuja, anafagia, anapika, anamsalimia kwa heshima zote za mtoto aliyelelewa vizuri. Majirani wanamsifia. Redio humkalisha, humuuliza habari za shule, humsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na jioni humsindikiza hadi barabarani akingoja, kama alivyongoja mara ile na mara iliyopita. Binti humuaga vizuri. Ila neno shangazi halijamtoka tena.